Kiashiria Mwenendo na Kiashiria Mwitikio: Tatizo la Istilahi katika Kueleza Protini za Saratani ya Umio

Ikisiri

Makala haya yanachunguza istilahi za Kiswahili zinazohitajika katika kueleza protini ambazo wataalamu wa tiba huzipima ili kukadiria yatakayompata mgonjwa wa saratani ya umio. Hoja kuu ni kwamba vitenzi tabiri na bashiri, ambavyo kwa kawaida hubadilishana nafasi, hufunika tofauti ya msingi baina ya protini inayoonyesha jinsi ugonjwa unavyoelekea na protini inayoonyesha kama dawa fulani itafaa. Zinapendekezwa istilahi mbili, kiashiria mwenendo na kiashiria mwitikio, na zinatolewa sababu za kimofolojia na za kisemantiki za kuziunga mkono.

1.0 Utangulizi

Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazoua watu wengi duniani. Kwa makadirio ya Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, mwaka 2022 walipatikana wagonjwa wapya wapatao 511,000, na waliofariki kwa ugonjwa huo walikuwa kiasi cha 445,000. Ukaribu wa tarakimu hizi mbili unadhihirisha ukali wa ugonjwa wenyewe. Afrika Mashariki ina fungu kubwa la msiba huu, kwani ukanda unaoanzia Ethiopia, ukapitia Kenya, Uganda, Tanzania na Malawi hadi upande wa mashariki wa Afrika Kusini, umejulikana kwa muda mrefu kuwa na wagonjwa wengi. Aghalabu mgonjwa hufika hospitali akiwa ameshindwa kumeza chakula kigumu, na kufikia hapo ugonjwa huwa umekwisha kuenea.

Katika sehemu kubwa ya ukanda huu, daktari husoma utafiti kwa Kiingereza na kuzungumza na mgonjwa kwa Kiswahili. Kazi ya kuvuka kutoka lugha moja hadi nyingine huachiwa yeye peke yake, papo kwa papo, mbele ya mtu anayesubiri kujua kama atapona. Katika hali hiyo, istilahi iliyoundwa bila uangalifu yaweza kumfanya mgonjwa akatae tiba ambayo ingemfaa, au auze shamba kununua dawa ambayo haikuthibitishwa kumfaa mtu wa hali yake.

Makala yanaanza kwa kufafanua ugonjwa na upimaji wa protini, kisha yanatenganisha maana mbili zinazochanganywa. Baada ya hapo yanapima maneno ya Kiswahili yaliyopo, yanatoa mapendekezo, na kuyajaribu mapendekezo hayo katika sentensi.

2.0 Ugonjwa na Majina Yake

Umio ni mrija unaopeleka chakula kutoka kooni hadi tumboni. Neno hili ni la asili katika Kiswahili, lakini wasemaji wengi wa leo hulikwepa na kusema koo. Matokeo yake ni kwamba saratani ya koo huweza kumaanisha ugonjwa wa umio, wa koromeo, au wa kisanduku cha sauti, ilhali magonjwa hayo hutofautiana kwa chanzo na kwa tiba. Kwa hiyo, katika maandishi ya kitaalamu inafaa neno umio lishikiliwe, na pale inapolazimu lifafanuliwe kuwa ni mrija wa chakula.

Saratani ya umio ina aina kuu mbili. Aina ya kwanza huanzia katika seli bapa zinazotanda ukuta wa ndani wa umio. Aina ya pili huanzia katika seli za tezi, na hutokea zaidi upande wa chini, karibu na maungio ya umio na tumbo. Katika Afrika Mashariki aina ya seli bapa ndiyo iliyo nyingi mno. Katika nchi kadhaa za Ulaya Magharibi na Amerika ya Kaskazini aina ya tezi imeipita ile ya kwanza. Tofauti hii ni muhimu kwa mjadala huu, kwani protini iliyochunguzwa kwa wagonjwa wa aina moja haiwezi kudhaniwa kwamba itasema jambo lilelile kwa wagonjwa wa aina nyingine.

3.0 Protini na Upimaji Wake

Njia iliyozoeleka ya kupima protini za uvimbe ni kuchukua kipande kidogo cha nyama kwa kutumia kamera ya kuchungulia umio, kukihifadhi katika nta, kukikata vipande vyembamba sana, na kukimwagia kingamwili inayoshikamana na protini inayotafutwa. Kingamwili hiyo huunganishwa na kitu kinachotoa rangi, na mtaalamu huhesabu chini ya hadubini seli zilizopata rangi na kukadiria ukali wake. Zipo pia protini zinazopimwa katika damu.

Majina ya protini hizi yana asili za namna mbalimbali. Katika p53, herufi ya kwanza husimama badala ya protini na tarakimu huonyesha uzito wa molekuli kama ulivyokadiriwa mwanzoni. Ki-67 imepata herufi zake kutoka mji wa Kiel nchini Ujerumani, ambako kingamwili yake ilitengenezwa katika miaka ya 1980, na tarakimu kutoka namba ya kishimo cha sahani ya maabara. HER2, EGFR na PD-L1 ni vifupisho vya maneno ya Kiingereza. Hakuna faida ya kuyatafsiri majina ya namna hii. Ni nembo tupu zinazotambulisha kitu kimoja duniani kote, na kuzibadili kungeleta mkanganyiko katika majibu ya maabara. Kinachohitaji Kiswahili ni maneno ya kueleza kazi ya nembo hizo: protini hii inatuarifu nini?

4.0 Maana Mbili Zinazochanganywa

4.1 Mfano wa Kubuni

Ichukuliwe kwamba kuna makundi manne ya wagonjwa 100 kila moja. Makundi mawili yana protini fulani kwa wingi, na makundi mawili yanayo kwa uchache. Katika kila jozi, kundi moja linapewa dawa ya zamani na jingine dawa mpya. Baada ya miaka miwili wanahesabiwa walio hai.

Katika hali ya kwanza, wenye protini nyingi waliopewa dawa ya zamani ni 20 walio hai, na waliopewa dawa mpya ni 40. Wenye protini chache waliopewa dawa ya zamani ni 40, na waliopewa dawa mpya ni 60. Hapa protini inaonyesha jambo la kweli, yaani wanaokuwa nayo kwa wingi wana hali mbaya zaidi, dawa iwe ipi. Lakini dawa mpya imewaongezea wote watu 20 sawasawa. Protini haisaidii hata kidogo kuchagua nani apewe dawa mpya.

Katika hali ya pili, wenye protini nyingi waliopewa dawa ya zamani ni 30 walio hai, na waliopewa dawa mpya ni 60. Wenye protini chache ni 30 kwa dawa ya zamani na 30 kwa dawa mpya. Hapa protini haisemi lolote kuhusu ukali wa ugonjwa. Hata hivyo, inasema jambo kubwa kuhusu dawa, kwa kuwa inamfaa mwenye protini nyingi na haimfai mwingine.

Maana ya kwanza huweza kudhihirika kwa kufuatilia kundi moja lililotibiwa kwa njia moja. Maana ya pili hudai ulinganisho wa tiba mbili miongoni mwa wenye protini na wasio nayo. Protini moja yaweza kuwa na maana zote mbili, moja tu, au isiwe na hata moja.

4.2 Mfano wa EGFR

Tofauti hii si ya vitabuni tu. EGFR ni kipokezi kilicho juu ya seli, kinachopokea ujumbe wa kuiamuru seli ikue na kugawanyika. Katika tafiti kadhaa za saratani ya umio, wingi wake uliandamana na maisha mafupi zaidi. Ilionekana busara kudhani kwamba dawa ya kukizuia kipokezi hicho ingewanufaisha wagonjwa.

Utafiti wa SCOPE1 wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2013, uligawa wagonjwa 258 katika makundi mawili. Wote walipewa mionzi pamoja na dawa za kemikali, na kundi moja likaongezewa cetuximab, kingamwili inayokizuia EGFR. Wagonjwa hawakuchaguliwa kwa kipimo cha EGFR. Muda ambao nusu ya wagonjwa walikuwa bado hai ulikuwa miezi 22.1 kwa walioongezewa dawa, na miezi 25.4 kwa wasioongezewa. Utafiti mwingine wa Uingereza wa mwaka 2014, ulioshirikisha wagonjwa wapatao 450 ambao ugonjwa wao ulikuwa umeendelea baada ya dawa za kemikali, ulitumia gefitinib dhidi ya kipokezi hichohicho. Nao haukurefusha maisha ya kundi zima.

Funzo lililopo ni kwamba protini kuhusiana na hali mbaya si hoja ya kutosha kwamba dawa ya kuipiga protini hiyo itamfaa mgonjwa. Anayetumia neno moja kwa mambo haya mawili huivuka hatua hii ya mantiki bila kujua kwamba ameivuka.

4.3 Mfano wa HER2

HER2 ni kipokezi cha ukoo mmoja na EGFR, na wingi wake hupatikana zaidi katika saratani ya aina ya tezi. Matokeo ya tafiti kuhusu uhusiano wake na ukali wa ugonjwa yamekinzana. Kuhusu dawa, picha ni ya namna nyingine. Utafiti wa ToGA, uliochapishwa mwaka 2010, ulihusisha wagonjwa 594 wa saratani ya tumbo na ya maungio ya umio na tumbo iliyokwisha kuenea, wote wakiwa na HER2 kwa wingi. Walioongezewa trastuzumab walifikia nusu kwa miezi 13.8, na wasioongezewa kwa miezi 11.1. Miongoni mwa wale ambao wingi wa HER2 ulikuwa wa kiwango cha juu, tofauti ilikuwa kubwa zaidi: miezi 16.0 dhidi ya 11.8.

Hata hivyo, maana hiyo ina mipaka. Utafiti wa RTOG 1010, uliochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha wagonjwa 203 wa saratani ya umio ya aina ya tezi wenye HER2, uliongeza dawa hiyohiyo katika tiba ya mionzi na kemikali kabla ya upasuaji. Haukuonyesha kwamba dawa iliwaongezea muda wa kuishi bila ugonjwa kurudi. Kwa hiyo, usemi kwamba HER2 inaonyesha dawa itafaa ni pungufu mpaka itajwe ni dawa gani na katika hatua gani ya ugonjwa.

4.4 Mfano wa PD-L1

PD-L1 huvihusu zaidi vituo vya Afrika Mashariki kwa kuwa imechunguzwa sana katika saratani ya seli bapa. Protini hii ikiwa juu ya seli ya uvimbe hushikamana na protini nyingine iliyo juu ya seli za kinga, na kuziamuru ziache kushambulia. Dawa kama pembrolizumab na nivolumab huzuia mshikamano huo, hivyo kinga ya mwili huachiwa ifanye kazi yake.

Katika utafiti wa KEYNOTE-590, uliochapishwa mwaka 2021 na kuhusisha wagonjwa 749, pembrolizumab iliongezwa katika dawa za kemikali. Kwa wagonjwa wote, nusu ilifikiwa kwa miezi 12.4 badala ya 9.8. Kwa wale wa aina ya seli bapa waliokuwa na PD-L1 ya alama 10 au zaidi, ilikuwa miezi 13.9 badala ya 8.8. Katika CheckMate 648, uliochapishwa mwaka 2022 na kuhusisha wagonjwa 970 wa seli bapa, nivolumab pamoja na dawa za kemikali ilileta miezi 13.2 badala ya 10.7 kwa wote, na miezi 15.4 badala ya 9.1 kwa wale ambao angalau asilimia 1 ya seli za uvimbe zilikuwa na PD-L1.

Inadhihirika kwamba faida inaongezeka protini inapoongezeka. Izingatiwe pia kwamba tafiti hizi mbili hazikuhesabu kwa kipimo kimoja. CheckMate 648 ulihesabu seli za uvimbe peke yake. Alama ya KEYNOTE-590 hujumlisha na baadhi ya seli za kinga. Kumwambia mgonjwa kwamba anayo PD-L1, bila kutaja imehesabiwaje, ni kumpa nusu ya habari.

5.0 Tabiri, Bashiri na Jamaa Zake

Kiingereza kina istilahi mbili kwa maana hizi mbili, lakini zote zimetokana na vitenzi ambavyo katika usemi wa kawaida humaanisha kueleza jambo kabla halijatokea. Kwa sababu hiyo zimechanganywa mara nyingi hata na watafiti wenyewe. Mwaka 2016 taasisi mbili za serikali ya Marekani, ile ya udhibiti wa vyakula na dawa na ile ya utafiti wa afya, zilitoa faharasa ya pamoja iliyoitwa BEST, ambamo istilahi hizo zilipambanuliwa. Kiswahili, kinachoanza kazi hii baadaye, hakilazimiki kurithi kasoro hiyo.

Kwa bahati mbaya, njia rahisi ya kutafsiri inaelekea hukohuko. Tabiri hupewa istilahi moja na bashiri hupewa nyingine, kana kwamba wasemaji wanajua tofauti yake. Hawaijui, kwa kuwa haipo. Tabiri, lenye asili ya Kiarabu inayohusiana na kufasiri ndoto, humrejesha msikilizaji kwa mtabiri wa nyota na mpiga ramli. Bashiri lina mzizi mmoja na bishara, yaani habari njema, na nchini Tanzania limekuwa jina la kawaida la mchezo wa kuweka fedha juu ya matokeo ya mpira. Mgonjwa anayeambiwa kwamba kipimo kimebashiri anaweza kusikia bahati nasibu, na anayeambiwa kimetabiri anaweza kusikia hukumu iliyokwisha kuandikwa.

Yawezekana kupinga kwamba utabiri wa hali ya hewa umekubalika, na hakuna anayeudhania kuwa ramli. Pingamizi hili ni la haki. Linaonyesha kwamba neno laweza kujisafisha kwa matumizi, na kwamba tabiri linaweza kubaki kitenzi cha jumla. Halitatui, hata hivyo, tatizo la kutenganisha maana mbili. Kisia ni dhaifu mno kwa jambo lililopimwa. Kadiria linafaa kwa hesabu, lakini nalo halitenganishi.

Kwa upande wa nomino, alama hudokeza kitu kilichotulia, kama kovu au maksi za mtihani. Dalili limekwisha kushikwa na yale ambayo mgonjwa huyahisi au daktari huyaona, kama kukwama kwa chakula na kukonda. Kiashiria limeenea katika taaluma za uchumi na elimu kwa maana ya kitu kinachoelekeza kwenye jambo jingine, na ndilo linalofaa zaidi.

6.0 Mapendekezo

Inapendekezwa kwamba protini inayoarifu jinsi ugonjwa unavyoelekea iitwe kiashiria mwenendo, na ile inayoarifu kama tiba fulani itafaa iitwe kiashiria mwitikio. Sababu zake ni tatu.

Kwanza, muundo wake ni wa kawaida katika Kiswahili. Kiambishi ki-, shina la kitenzi lenye -a, na nomino iliyo yambwa, ndio muundo wa kipaza sauti, kipimajoto na kifungua kinywa. Wingi wake ni viashiria mwenendo na viashiria mwitikio. Anayependa umbo kiashirio atalazimika kuunganisha kwa -a, yaani kiashirio cha mwenendo, jambo ambalo si kosa ila ni refu zaidi.

Pili, tofauti imewekwa katika nomino ambazo msemaji tayari anazitofautisha. Mwenendo, kutokana na enenda, hutumiwa kwa bei na kwa kesi mahakamani, na kwa hiyo unahamia kwa ugonjwa bila taabu, ijapokuwa hutumiwa pia kwa tabia ya mtu. Mwitikio, kutokana na itika, unadokeza kwamba kuna aliyeita na aliyeitikia. Dawa inaita, ugonjwa unaitika au unanyamaza.

Tatu, na hili ndilo lenye uzito zaidi, mwitikio hudai kijalizo. Anayesema kiashiria mwitikio ataulizwa: mwitikio wa dawa gani? Hivyo lugha yenyewe inamlazimisha msemaji kutaja kile ambacho sayansi inadai kitajwe. Inawezekana sasa kusema kwamba katika tafiti kadhaa EGFR imekuwa kiashiria mwenendo cha saratani ya umio, lakini haijathibitika kuwa kiashiria mwitikio wa cetuximab. Na kwamba HER2 ni kiashiria mwitikio wa trastuzumab pale ugonjwa wa aina ya tezi unapokuwa umekwisha kuenea.

7.0 Istilahi katika Sentensi

Istilahi nzuri huweza kuharibiwa na sentensi inayoibeba. Mambo matatu yanastahili kuangaliwa.

La kwanza ni chanya na hasi. Nje ya maabara, chanya ni sifa njema. Mgonjwa anayeambiwa kwamba HER2 yake ni chanya huweza kufurahi kana kwamba amepona, na aliyezoea lugha ya kipimo cha virusi vya UKIMWI huweza kufadhaika. Ni afadhali kusema kwamba protini imeonekana kwa wingi, kisha ielezwe hilo lina maana gani kwa tiba.

La pili ni wastani. Tarakimu za miezi zilizotajwa hapo juu si wastani, yaani jumla iliyogawanywa kwa idadi. Ni muda ambao unapofika nusu ya wagonjwa huwa hai bado na nusu huwa wamefariki. Wastani wa miezi 12 husikika kama ahadi ya siku ya kufa, ilhali katika nusu ya pili wamo waliopita muda huo kwa mbali. Maneno nusu ya wagonjwa ni marefu zaidi, lakini ni ya kweli.

La tatu ni njeo. Sentensi wenye protini hii hufa mapema inatumia hu- ya mazoea, ambayo msikilizaji huipokea kama kanuni isiyo na kighairi. Utafiti hausemi hivyo. Unasema kwamba katika idadi fulani ya watu, waliofariki mapema walikuwa wengi zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Kauli kama katika watu 100 wa hali kama yako inamweka mgonjwa miongoni mwa wenzake, wala haimtolei hukumu yeye peke yake.

8.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba protini za saratani ya umio hutoa habari za namna mbili, na kwamba kuzichanganya kuna madhara katika utafiti na katika chumba cha daktari. Yamependekeza kiashiria mwenendo na kiashiria mwitikio kwa kuwa zinafuata muundo wa lugha, zinatenganisha dhana kwa maneno yanayojulikana, na zinamdai msemaji ataje dawa.

Dawa zinazohusika ni za gharama kubwa, na kwa wagonjwa wengi wa ukanda huu kipimo cha kiashiria mwitikio hakina faida mpaka dawa yake ipatikane. Kwa sababu hiyo hasa inafaa familia inayofikiria kuuza mali ielezwe kwa usahihi ni kipi kilichopimwa. Istilahi hizi hazina budi kujaribiwa na matabibu, wauguzi na wagonjwa wenyewe kabla ya kupelekwa kwa vyombo vya usanifishaji. Neno UKIMWI, lililoundwa katika miaka ya 1980, lilienea upesi kwa sababu lilieleza kwa Kiswahili kile kinachotokea mwilini, na kipimo hichohicho ndicho kinachofaa kutumiwa kwa istilahi zinazopendekezwa hapa.